Je, Wajua? Roho 30 za Contra

Je, wajua kuwa Contra, ile gemu ya makomando wawili wanaokimbilia kulia huku wakimwaga risasi, ilianzia kwenye mashine za sarafu mwaka 1987? Konami ya Japani ndiyo iliyoitengeneza. Mwaka uliofuata ikaingia kwenye kaseti za nyumbani. Machi 12, 2024 ilisukwa upya kwa jina la Contra: Operation Galuga, kazi ya studio ya WayForward ya Marekani, na kabla ya hapo ikatoka demo ya bure. Demo hiyo nimeijaribu hapa Ifakara, kwenye kibanda cha gemu jirani na soko, kati ya vijana waliozoea mpira tu.

Kwa nini makomando wa zamani walikufa kwa risasi moja? Sarafu. Mwenye mashine hali kitu kwa mteja anayekaa saa nzima kwa sarafu ileile. Ukali huo ukahamia nyumbani, na huko ulificha jambo: gemu ni fupi, hatua 8 tu, mzoefu anaimaliza kwa nusu saa hivi. Toleo jipya linakuachia uchague, kufa papo hapo kama zamani au kuwa na mstari wa uhai unaopungua kidogo kidogo. Mimi nasema chagua kufa, la sivyo unatembea tu. Kijana niliyempa pedi alichagua mstari. Akaruka, akaruka tena akiwa hewani (Contra ya kwanza haikuwa na anasa hiyo), kisha akanigeukia: "Kaka, hawa jamaa hawaishi?" Hawaishi. Ukisimama wanakuja kwa nyuma.

Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Je, wajua mkato huo aliubuni Kazuhisa Hashimoto alipokuwa akiihamishia gemu ya Gradius nyumbani mwaka 1986? Gemu ilimshinda mwenyewe kila alipoijaribu, akajiwekea njia ya kupata silaha zote kwa mpigo, kisha akasahau kuifuta. Kwenye Contra mkato uleule ulitoa roho 30. Hashimoto alifariki Februari 2020.

Je, wajua kaseti ya Contra ya Marekani ilibeba kilobaiti 128 tu? Picha moja ya simu yako inazidi hapo mara nyingi. Na vile vitu vilivyokuwa vinamemeteka risasi zikizidi havikuwa ubovu wa TV: mashine ya nyumbani iliweza kuchora vipande 8 tu vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa kioo, vilivyozidi vikachorwa kwa zamu.

Ulaya makomando waligeuzwa roboti na gemu ikaitwa Probotector, kwa kuwa Ujerumani haikutaka kuona watu wakipigana risasi.

Kabla ya Contra kulikuwa na gemu nyingine ya risasi: Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, iliyotoka Japani mwaka 1978. Maadui wake huongeza mwendo kadiri unavyowaua kwa sababu kompyuta inabaki na wachache wa kuchora. Nishikado aliona inanoga, akaacha hivyo. Huku kwetu, mwaka huo mitambo ya Kidatu, kaskazini mwa Ifakara, ilikuwa ikifua umeme tangu 1975, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, na uingizaji wa kompyuta na TV ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1974. Zanzibar walikuwa tayari na televisheni yao, ya rangi. Bara tulisubiri hadi 1994. Ndiyo maana wengi wetu Contra tuliikuta imezeeka, tena kwenye mashine za kuiga na zile kaseti zilizojigamba kuwa na gemu 9999, kumbe chache zinajirudia kwa majina tofauti.

Je, wajua ile bunduki ya kuwindia bata kwenye gemu ya Duck Hunt haikutoa kitu chochote? Ilikuwa inatazama. Ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha pembe-nne nyeupe inatokea alipo bata. Bunduki ikiona mwanga, umepata. Ujanja huo unategemea namna TV ya chogo inavyochora picha. Ukiunganisha bunduki ileile kwenye flati, bata hafi.