Utamu umekwisha, hamu imebaki

Ongea na mtu aliyetumia unga, yaani heroini, kwa miaka mingi. Wengi watakwambia kwamba ile stimu ya siku za mwanzo hawaipati tena; wanatumia ili arosto, yale mateso ya kukosa dawa, isiwatese. Ndugu wakisikia hivyo huona ni visingizio. Raha hana, pesa hana, heshima imekwenda, sasa anafuata nini huko?

Swali hilo lilipata jibu zito katika maabara ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Hadi miaka ya 1980, wataalamu wengi waliamini kuwa dopamini, kemikali ambayo baadhi ya seli za ubongo huitumia kupashana habari, ndiyo raha yenyewe. Wengine wanaiita hivyo mpaka leo.

Kent Berridge, mtafiti wa maabara hiyo, alikuwa na ujuzi wa pekee: kusoma uso wa panya. Panya akidondoshewa maji ya sukari mdomoni, hutoa ulimi na kujilamba. Akipewa kwinini, huachama na kutikisa kichwa, karibu sawa na mtoto mchanga. Hayo hupita upesi mno, hivyo hurekodiwa kwa video na kutazamwa polepole. Mwaka 1989, yeye, Terry Robinson na mwenzao walieleza walivyotumia sumu kuua seli za dopamini za panya. Panya hao waliacha kabisa kutafuta chakula, ikabidi walishwe kwa mrija, la sivyo wangekufa njaa huku chakula kipo. Kama dopamini ni raha, sukari nayo ingepaswa kuwachosha. Walipodondoshewa, walijilamba kama kawaida.

Utamu haukuguswa. Kilichokufa ni hamu. Mwaka 1993 Berridge na Robinson wakajenga hoja ambayo kwangu ndiyo inayomweleza teja vizuri kuliko zote: dawa za kulevya huifanya njia ya hamu iwake kwa urahisi zaidi kila zinapotumika, hata pale utamu wake unapopungua. Na hamu hiyo huwashwa na vitu vidogo. Huko Uswisi, Wolfram Schultz alipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa juisi baada ya ishara fulani. Mwanzoni seli zilishtuka juisi ilipofika. Nyani walipozoea, zilishtuka kwa ishara, juisi yenyewe ikapita kimya. Ndiyo maana mtu aliyeacha kwa miezi anaweza kuyumba kwa kuona kijiwe chake cha zamani tu.

Heroini huzifikiaje seli hizo za dopamini? Ikiingia ubongoni hugeuka mofini, ikashika vipokezi ambavyo Candace Pert na Solomon Snyder walivithibitisha mwaka 1973 huko Baltimore. Hapo huzinyamazisha seli ambazo kazi yake ni kuzizuia zile za dopamini, nazo zikabaki kama gari lililokatika breki mteremkoni.

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini ambayo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011, hushika vipokezi hivyohivyo. Wapo wanaosema ni kubadilishiwa ulevi tu. Hawajatazama mwendo wake: mtu huinywa mara moja kwa siku, hupanda taratibu na kudumu saa nyingi. Arosto inatulia bila ule mshtuko wa ghafla unaoifundisha hamu.

Je, kuna kinachoweza kushindana na hamu hiyo? Utafiti mwingine wa Baltimore, wa Marco Venniro, Yavin Shaham na wenzao, ulitolewa mwaka 2018. Panya waliozoeshwa kujipatia heroini au methamfetamini waliwekewa swichi mbili: moja ya dawa, nyingine ya kufungua mlango wakutane na panya mwenzao. Walimchagua mwenzao, hata wale walioonyesha dalili za uraibu. Watafiti waliweza kuwarudisha kwenye dawa kwa namna mbili: kuuchelewesha mlango kufunguka, au kumpiga panya shoti ya umeme kila anapomchagua mwenzake.