Je, Wajua? Basi la Makuyuni na saa ya Linux

Basi la saa kumi na mbili alfajiri limefika Makuyuni (ya Korogwe, si ile ya Monduli) saa moja. Limechelewa, bila shaka. Lakini anayelinganisha namba tupu atakuapia kuwa moja ni ndogo kuliko kumi na mbili, kwa hiyo limewahi!

Je, wajua kwamba kosa hilohilo husakwa na wakaguzi wa Linux, kiini cha kila simu ya Android? Ukichomeka flashi kwenye kompyuta ya stesheneri yenye Linux, kiini huiomba data na kuipa sekunde 30 za kujibu. Muda huo huhesabiwa kwa midundo. Kihesabio cha biti 32 kinachodunda mara 1000 kwa sekunde hujaa baada ya siku 49 na saa 17 hivi, kisha huanza upya na sifuri, kama saa yetu inavyotoka kumi na mbili kurudi moja. Dawa ni kutoa wakati mmoja kwenye mwingine na kutazama kama jibu ni hasi.

Nani akae siku 49 kusubiri kosa? Ndiyo maana Linux inapowaka hukianzisha kihesabio hicho dakika 5 tu kabla hakijajaa. Mwandishi mzembe huumbuka chai yake haijapoa. Ujanja huu naupenda kuliko yote.

Kusoma saa nako kuna mtego. Simu inaonyesha 11:59. Unasoma 11, unapepesa macho, unakuta 00. Unaandika 11:00, umekosa saa nzima. Kichakataji cha biti 32 husoma kihesabio cha biti 64 hivyohivyo, vipande viwili. Basi huwekwa namba ya pembeni inayobadilika kila kihesabio kinaposogezwa. Msomaji huiangalia kabla na baada, na ikitofautiana anasoma tena.

Mipaka ya biti haiko Linux tu. Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatahadharisha wateja kuwa baadhi ya diski zake za SSD, zisiporekebishwa programu yake ya ndani, zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kazi: miaka 3, siku 270 na saa 8. Namba ya biti 16 yenye alama ya chanya au hasi huishia 32,767, moja tu pungufu ya saa hizo. Diski zilizowashwa siku moja, hata zile zinazotunziana nakala, zingekata roho karibu pamoja.