Ufa Katika Kufuli: Kasoro ya Heartbleed

Kompyuta mbili zinapopelekeana habari za siri, kama vile hesabu za benki, habari hizo hufichwa kwanza kwa hesabu maalumu, ili mtu wa tatu akizinasa asiweze kuzisoma. Mojawapo ya programu zifanyazo kazi hiyo ni OpenSSL. Ilianzishwa mwaka 1998, hutolewa bure, na kufikia mwaka 2014 ilikuwa ikitumika katika sehemu kubwa ya intaneti duniani. Tarehe 7 Aprili ya mwaka huo ilitangazwa kwamba kufuli hilo lilikuwa na ufa, na kwamba ufa huo ulikuwako kwa miaka miwili.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo mno. Kompyuta zilizounganishwa kwa muda mrefu huhitaji kujua kama mawasiliano yangalipo. Kwa hiyo moja hutuma neno fupi pamoja na idadi ya herufi zake, na nyingine hulirudisha neno lile lile. Kitendo hiki hulinganishwa na pigo la moyo. Tuseme kwamba limetumwa neno "samaki", na kwamba idadi iliyotajwa ni herufi 6. Jibu litakuwa "samaki". Lakini itakuwaje iwapo mtumaji atadai kwamba neno hilo lina herufi 60,000?

Toleo la programu lililotoka Machi 2012 halikulinganisha idadi iliyotajwa na neno lililopokewa. Lilianza kunakili pale neno lilipohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha likaendelea kunakili chochote kilichofuata mpaka idadi itimie. Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili ubaoni: aandike "samaki", na mbele yake, bila nafasi, aandike siri yoyote ya kubuni. Mwanafunzi aombwe kusoma herufi 6, kisha herufi 20. Atakapotii bila kuhesabu, siri itatoka kinywani mwake mwenyewe.

Kwa njia hiyo mshambulizi aliweza kupata herufi zipatazo 64,000 kwa ombi moja, na kurudia ombi hilo apendavyo. Miongoni mwa herufi hizo huenda yakawamo maneno ya siri ya watumiaji, au hata ufunguo mkuu wa kompyuta yenyewe. Tena, katika kumbukumbu za kawaida za matumizi hakuna alama iliyobaki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nchini Kanada, idara ya kodi ilitangaza Aprili 2014 kwamba namba za utambulisho za walipa kodi wapatao 900 ziliibwa kwa muda wa saa 6.

Kwa nini ufa huo haukuonekana mapema? Programu ilikuwa wazi kwa yeyote kuisoma, lakini kuwa wazi si sawa na kusomwa. Aliyeiandika sehemu hiyo hakuona kosa, wala aliyeikagua hakuliona. Kazi iliyotegemewa na makampuni makubwa ilitunzwa na watu wachache, ambao ni mmoja tu aliyeifanya kwa muda wake wote, na michango ya hiari ilikuwa takriban dola 2,000 za Kimarekani kwa mwaka. Hatimaye kasoro iligunduliwa na Neel Mehta wa Google, na vilevile, pasipo kushauriana naye, na wahandisi wa Codenomicon ya Ufini. Baada ya hapo makampuni kadhaa yaliahidi fedha za kuitunza programu hiyo.

Tiba ilikuwa mistari michache tu: idadi ilinganishwe na neno, na zisipopatana ombi litupwe. Hata hivyo, utaratibu wa kuitumia ulikuwa na maana kubwa. Kwanza programu irekebishwe, kisha ufunguo mkuu ubadilishwe, na mwisho kila mtumiaji abadili neno lake la siri. Aliyebadili neno lake kabla ya ufa kuzibwa alihatarisha neno jipya kama lile la zamani.

Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza kuandika programu hana budi kushika kanuni hii: kila kitokacho nje kipimwe kabla ya kuaminiwa. Naye mtumiaji anapoletewa marekebisho ya programu asiyaahirishe, kwa maana siku ya kutangazwa kwa ufa ndiyo siku wezi nao wanapoujua.