MGUU UNAUMA UNAPOTEMBEA? USISEME NI UZEE TU



Tunapotembelea nyumba hapa Nesitu, wazee wengine hutuambia: "Mwanangu, nikienda kuteka maji mguu unanibana. Nikisimama kidogo, unaniachia. Ni uzee tu." Mara nyingine si uzee, wala si kurogwa. Huenda mshipa wa damu umeziba.

Mshipa unazibaje?

Damu hutoka moyoni ikashuka miguuni kwa mishipa iitwayo ateri. Mafuta hujishika ndani yake polepole, kwa miaka mingi, mpaka njia inakuwa nyembamba. Ukitembea, msuli unahitaji damu nyingi. Usipoipata, unauma. Ugonjwa huu huwapata zaidi wavutaji wa tumbaku, wenye kisukari, wenye presha na watu wa umri mkubwa.

Dalili nyingine

- Mguu mmoja ni baridi kuliko mwingine.
- Kidonda cha mguuni hakiponi.
- Maumivu usiku, yanayopungua ukining'iniza mguu.

Je, lazima mguu ukatwe?

Hapana, si lazima. Mwaka 1964, katika mji wa Portland, Marekani, mama wa miaka 82 alikataa kukatwa mguu ulioanza kuoza. Daktari Charles Dotter alipitisha mipira myembamba ndani ya mshipa akaipanua njia. Mama yule alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka alipofariki, zaidi ya miaka miwili baadaye. Mwaka 1974, Daktari Andreas Grüntzig wa Zürich alianza kutumia mpira wenye kiputo.

Leo kazi hufanywa hivi: mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, kwa kawaida kwenye kinena. Mpira mwembamba huingizwa kwenye tundu dogo. Daktari huangalia njia kwa eksirei. Panapoziba, kiputo hujazwa, mshipa hupanuka, kisha kiputo hutolewa. Pengine huachwa kijibomba cha waya kushikilia njia. Hakuna kupasuliwa sana.

Tuseme ukweli: matibabu haya yanahitaji mashine kubwa na fedha nyingi. Yanapatikana katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wa kazi hii mwaka 2018. Si kila mshipa unafaa, na ulioziuliwa unaweza kuziba tena. Kwa hiyo dawa yetu ya kwanza ni kuwahi.

Fanya hivi

1. Acha sigara na tumbaku kabisa.
2. Pima sukari na presha. Kunywa dawa kila siku kama ulivyoelekezwa.
3. Muulize mganga wa zahanati kuhusu mazoezi: tembea mpaka maumivu yaje, pumzika, tembea tena.
4. Tazama nyayo kila jioni. Usiote moto wala kuloweka miguu katika maji ya moto, maana mguu usio na hisia huungua bila wewe kujua.

HATARI! Mguu ukiwa baridi, mweupe na wenye maumivu makali kwa ghafla, usingoje kesho. Nenda zahanati saa hiyo hiyo, mchana au usiku. Saa chache tu zinaweza kuupoteza mguu.

Jirani asiyejua kusoma, msomee. Ukiona dalili, tuite sisi wahudumu wa afya wa mtaa wako.