Baka la Mtoto Lipimwe Kwanza

Mtoto akitokwa na baka, sisi akina mama hatukawii: jirani anasema ni choa, tunakwenda dukani, tunanunua krimu na kupaka. Hata sisi tuliwahi kufanya hivyo. Wiki ya kwanza mwasho ulipungua, tukafurahi. Wiki ya tatu choa kilikuwa kimefika shingoni! Kumbe krimu ile ilikuwa na steroidi, ambayo hutuliza mwasho na wekundu huku fangasi wakiendelea kuenea.

Zahanati, muuguzi hakutugombeza. Alimvua mtoto nguo, akamtazama mwili mzima karibu na dirisha, kisha akakwangua taratibu ukingo wa baka, maana fangasi hupenda kukaa pembeni. Magamba yale huwekwa kwenye kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi, ambayo huyeyusha seli za ngozi. Chini ya hadubini nyuzi za fangasi huonekana. Mtoto haumii.

Lakini kipimo kilichotushtua ni cha pamba. Muuguzi alisokota ncha ya pamba, akamgusa mtoto mkononi ili aelewe, kisha akamwambia afumbe macho na kuonyesha kwa kidole kila anapoguswa. Mtoto wetu alionyesha sawasawa. Je, asingehisi kitu pale penye baka? Hiyo ni dalili kubwa ya ukoma. Muuguzi angepapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na nyuma ya goti, na pengine kipimo kingechukuliwa kwenye ndewe ya sikio.

Tunajua jina hilo linavyotisha. Wapo wanaoficha baka chini ya kanga wakiogopa maneno ya mawifi. Jamani, ukoma unatibika! Tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani hutoa dawa zake bure. Mwenye mabaka yasiyozidi matano kwa kawaida hutumia dawa miezi 6, mwenye mengi zaidi miezi 12. Kinachoharibu ni kuchelewa: mishipa ikishakufa, dawa huua vijidudu lakini hairudishi vidole vilivyopotea.

Upele nao una kipimo chake: wino hupakwa kwenye ngozi na kufutwa, na mstari unaobaki ni njia ya mdudu. Hapo nyumba nzima hutibiwa siku moja, baba akiwemo, hata kama hajikuni.

Siku ya kwenda zahanati tusimpake mtoto chochote asubuhi, wala mafuta. Na ile tyubu ya dukani tuibebe, muuguzi aisome mwenyewe.