Umeona bata adimu? Usikurupuke, fanya haya kwanza

Uko kando ya Ziwa Naivasha au Nakuru, mara unaona bata wa hudhurungi iliyokolea, kichwa cheusi, mdomo wa buluu utadhani umepakwa rangi, mkia umesimama. Huenda huyo ni dume wa Maccoa, bata aliye katika orodha ya kimataifa ya ndege wanaokabiliwa na hatari ya kuangamia.

Lakini tulia. Dume wa pochadi wa kusini pia ni wa hudhurungi na mdomo wake una ubuluu. Tofauti? Pochadi ana macho mekundu, na akiruka utaona mstari mweupe kwenye mbawa. Maccoa hana mstari huo. Jike wa Maccoa ni mgumu zaidi, hivyo tafuta mstari mweupe chini ya jicho.

Piga picha ya ubavu, mdomo na mkia, hata kama haitatoka safi. Andika papo hapo tarehe, saa, mahali na idadi. Hesabu pole pole: Maccoa huzamia chakula na kuibuka kwingine, ukajikuta umemhesabu mmoja mara tatu.

Kisha tuma rekodi kwa Kenya Bird Map au eBird. Ukiulizwa ushahidi, usikasirike. Ndiyo kazi ya wakaguzi. "Nilimwona tu" haitoshi.

Na usisogelee kiota ili upate picha kali.

Bwawa likitaka kufukiwa kesho, rekodi yako ndiyo itakayoonyesha nani alikuwa akiishi humo.