Unataka Kusomea Muziki Majuu? Skiza Kwanza, Msee wa Mainland

Kuna msee wa mtaani kwetu Kisauni, tumuite Fidla kwa sababu hiyo ndiyo anapiga. Mwaka juzi aliuza kinanda chake na pikipiki ya kakake akampa ajenti mmoja elfu 45. Ajenti alimwambia amempatia "nafasi" kwenye chuo cha muziki Ulaya. Barua ilikuja na muhuri mkubwa mwekundu. Chuo hakikuwepo. Fidla bado anapiga arusini, ila sasa kinanda ni cha kuazima na kakake hamsalimii.

Naileta hii stori kwako wewe unayepiga gitaa kanisani Changamwe, wewe wa Likoni uliyeshikishwa chapuo na babu, na wewe wa Bamburi mwenye laptop moja na biti mia mbili. Muziki unasomewa hadi digrii, na watu kweli wanavuka mipaka kuusoma, karo na nauli zikiwa zimelipwa. Shida ni kwamba wengi wetu hatujui mlango uko wapi, ndiyo maana ajenti anatuuzia dirisha.

Na msifikirie haya ni mambo mapya. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kutoka 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kumtuma Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze muziki. Jamaa akarudi na ganuni, akafundisha wenzake, wakawa wanapigia kasri, na hapo ndipo wengi huanzia wakisimulia historia ya taarabu. Yaani ile ngoma inayomwinua mamako kwenye kiti arusini ni matunda ya mtu kusomeshwa nje. Cheki vile ilienda lakini: hakujituma mwenyewe. Kulikuwa na mtu mkubwa nyuma yake aliyemlipia na kumngoja arudi na kitu.

Mpaka leo mambo mengi huenda hivyo hivyo. Chukua Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya. Tangu 2015 umekuwa ukipokea wanafunzi kutoka vyuo vya nje ya Ulaya pia, Kenya ikiwemo. Ukipata, unaenda kusoma kwa miezi kadhaa, isiyozidi 12, kule hulipi karo, unapewa hela ya kujikimu na ya usafiri, halafu unarudi kumaliza chuo chako. Tamu sana. Ila huwezi kuiomba ukiwa umekaa barazani Mtongwe. Lazima uwe tayari ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na hicho chuo kiwe kimesaini makubaliano na chuo cha kule. Chuo chako ndicho kinakuchagua. Wanorwe nao wana Norec, zamani ikiitwa Fredskorpset, na hapo pia vijana hubadilishana kupitia mashirika yaliyoshikana mikono. Hakuna ajenti katikati, na hakuna "ada ya kufungua faili".

Zipo njia chache za kuomba mwenyewe. OneBeat ya Marekani, iliyoanza 2012, ilikuwa ikichukua wanamuziki wa miaka 19 hadi 35 bila kuwauliza digrii. Lakini hiyo ni ya wiki chache tu, na huwezi kuiita chuo.

Kwa hivyo badilisha swali. Usiulize skolashipu iko wapi. Uliza chuo gani kitanishika mkono. Hapa Kenya digrii za muziki utazipata Kenyatta University, Maseno na Kabarak, na zote ziko bara. Safari ya majuu kwa mtoto wa Changamwe mara nyingi inaanzia stesheni ya SGR pale Miritini, si uwanja wa ndege wa Moi ulioko hatua chache kutoka kwao. Ukipiga simu chuoni usiulizie karo pekee. Ulizia ofisi ya mahusiano ya kimataifa: mmesaini na vyuo gani, na idara ya muziki imo? Makubaliano mengine ni ya uhandisi ama kilimo tu, halafu wewe na saksafoni yako unabaki getini.

Sasa kuna njia nyingine ambayo wasee wa mainland tunaipuuza na iko karibu kuliko Nairobi kwa roho, kama si kwa barabara. Vuka feri, shuka Diani, Msambweni, mpaka Lunga Lunga, kisha Tanga na Zanzibar. Huko kuna Dhow Countries Music Academy, DCMA, inayofundisha tangu 2002. Kwa miaka mingi ilikaa kwenye jengo la forodha ya zamani linalotazama bahari, Mji Mkongwe. Pale unafundishwa udi, ganuni, fidla, ngoma na kusoma nota, na unafundishwa kwa lugha yako. Muhimu zaidi, pale dunia ndiyo inakuja kwako. Wageni husafiri kuja kujifunza taarabu, walimu hutoka nje. Mitchel Strumpf, Mmarekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kusimamia masomo hapo. Amina Omar Juma alijifunzia udi pale, chombo ambacho wengi walidhani ni cha wanaume, na leo anajulikana na Siti and the Band, waliotoa albamu ya Fusing the Roots mwaka 2018. Na kila Februari Sauti za Busara inaleta mapromota wa nchi kibao Ngome Kongwe.

Nisikudanganye, si pepo. Mwaka 2019 DCMA ilikaribia kufunga milango baada ya wafadhili kupungua na wanafunzi wengi kushindwa na karo. Shule ikiishi kwa mfuko wa mtu mwingine, siku akikunja mfuko mnajua kilichobaki.

Makaratasi pia usiyachukulie poa. Kitambulisho kinakuvusha Uganda na Rwanda tangu 2014, lakini Tanzania haikuingia kwenye hiyo dili, kwa hivyo tafuta pasipoti. Kutembea huhitaji viza. Kusoma ni mambo mengine, unahitaji kibali cha mwanafunzi, na shule ndiyo inakuelekeza. Marais wa Afrika Mashariki walitangaza 2017 kwamba elimu ya juu ya kanda yetu ni eneo moja. Kwa karatasi ni fiti. Kwa dirisha la ofisi, bado utapanga foleni.

Halafu kuna ile sehemu ya wewe mwenyewe. Vyuo vingi vya nje huanza na video, kisha wanataka kujua kama unasoma nota. Mitihani ya ABRSM ya Uingereza, ambayo vyuo vingi vinaielewa, tangu 2020 ina aina ya kurekodi: unapiga vipande 4 mfululizo bila kukata, unatuma video, wanasahihisha kule. Simu nzuri, chumba kisicho na kelele za tuktuk, basi. Ila ukifika Gredi ya 6 kwenda juu watakudai kwanza uwe umepita Gredi ya 5 ya nadharia ama mtihani unaolingana nayo, kwa hivyo nadharia usiiache mwisho. Na ni pesa, si bure.

Mimi naona huo mtihani una upofu wake. Haupimi udi wala sengenya. Ukienda kule na piano pekee, wewe ni wa mia mbili kwenye foleni. Ukienda na piano pamoja na mdundo wa Kidigo unaoweza kuueleza, hapo wanainua kichwa. Bango, mtindo wa Mzee Joseph Ngala na saksafoni yake, umetoka Freretown, hapo hapo Kisauni unapopandia matatu. Nenda ukawarekodi hao wazee na simu hiyo hiyo ya mtihani.

Fidla nimemwambia haya yote wiki iliyopita. Akaniuliza pasipoti inachukua muda gani. Kesho asubuhi tunaenda Huduma Centre, mimi nalipa matatu.